Nyumba ya Tani Saba Inayowaka Mchana Tu

Gazeti la Jumanne lilifika Mjimwema, Songea, Ijumaa alasiri, ukurasa wa michezo ukiwa tayari umefungia dagaa wa Nyasa. Mwalimu Bartolomeo hakujali. Mstaafu hana haraka na habari, na tena yeye aliamini kwamba habari ikikaa siku tatu bila kukanushwa basi huenda ni ya kweli. Alijiweka sawa kwenye benchi la kahawa la Sefu, kibarazani pa stoo ya ushirika iliyofungwa tangu biashara huria ilipoingia, akavaa miwani yake yenye mkono mmoja, akasoma kwa sauti ya darasani: huko Ulaya wazee wakistaafu wanauza nyumba zao, wananunua gari lenye kitanda, jiko na choo, wanahamia humo na kuzunguka nchi mpaka Mungu awaite.

Akalikunja gazeti. Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja, maana benchi zima lilikuwa limeshageuka kumtazama Pankrasi.

Huyu Pankrasi kijiweni aliitwa Tani Saba, kwa sababu ya lori la tani saba aliloliendesha miaka thelathini akibeba mahindi, tumbaku na korosho za ushirika. Sifa yake kubwa ilikuwa moja. Madereva wenzake wote waliwahi kuibiwa betri, yeye hakuwahi. Jua likizama, awe Tunduru au Mbamba Bay, alifungua betri ya lori akaingia nayo ndani, akalala nayo kama mtoto wa kunyonya. Alikuwa na betri yake mkononi hata siku alipopewa barua ya kupunguzwa kazi.

Mwaka ule wa tisini na tatu waliopunguzwa walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na kiinua mgongo na wazimu wake. Wapo waliofungua bucha, wapo walioongeza mke. Pankrasi alikuwa na nyumba ng'ambo ya barabara, matofali yamefika kwenye linta, inasubiri paa. Mkewe Walburga alimtuma madukani kununua mabati. Akarudi anaendesha nyumba.

Lilikuwa gari la mpima barabara mmoja wa Kizungu aliyemaliza mkataba wake na hakutaka kurudi nalo kwao. Refu, jeupe, lina madirisha ya mapazia, na ndani kuna kitanda, meza, bomba la maji, na choo ambacho mlango wake unagongana na jiko. Kijiwe kililiita Konokono. Walburga hakuliita jina lolote. Alilizunguka mara moja, akaangalia choo kilivyopakana na sufuria, akafunga nguo zake, akaenda kwa kaka yake Mpitimbi. Sasa ilikuwa wiki ya tatu.

"Umesikia, Tani Saba?" Sefu alianza, huku akimimina kahawa kwenye vikombe vyake vidogo. Sefu alikuwa mtu wa Tunduru, na alikuwa na uso wa huruma uliomwezesha kusema maneno yasiyo na huruma. "Wazungu wamefanya kama wewe. Tofauti ni kwamba wao wake zao wamo ndani ya gari."

Benchi likacheka. Pankrasi naye akacheka, ili asionekane ameumia, lakini aliumia. Wiki tatu za kulala peke yake kwenye kitanda cha Mzungu zilikuwa zimemfundisha kwamba mwanamke akiondoka, hata ugali unaotiwa maji yale yale na unga ule ule unakataa kushikana.

"Mimi swali langu ni dogo," alisema Mwalimu. "Mkweo akija kukutembelea, akashikwa na haja. Choo kiko hatua moja na sufuria, na wewe umekaa hapo hapo unakula. Inakuwaje?"

"Nitashuka."

"Utashuka nyumbani kwako?"

"Nitashuka, nitasimama nje."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mwalimu, mkwe gani huyo wa kuchagua siku ya mvua?"

"Wakwe wote huchagua siku ya mvua," alisema Mwalimu kwa uchungu wa mtu anayejua.

Hapo ndipo Joachim alipoingilia. Joachim alikuwa fundi redio, kijiweni akiitwa Transista, na alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa upande akisikiliza watu, kana kwamba anatafuta mahali wanapokwaruza. Alisema wakwe waachwe, choo kiachwe, kwa kuwa tatizo la Konokono lilijulikana mpaka Matogoro: taa zinawaka mchana, usiku haziwaki.

Ndiyo ilikuwa aibu yenyewe. Saa nne asubuhi Pankrasi akibonyeza swichi, taa zote sita zinang'aa, pampu inanguruma, bomba linatoa maji, kifeni cha jikoni kinazunguka. Saa moja usiku akibonyeza swichi ile ile, kimya. Taa hakuna, pampu hakuna, na mwenye nyumba anatafuta kibiriti awashe koroboi ndani ya gari lenye taa sita.

Na leo hii, jua likizama, Walburga alikuwa anakuja. Alituma ujumbe kwa mdomo wa muuza vitunguu mmoja, na muuza vitunguu, kama alivyoumbwa, aliutangaza soko zima kabla ya kuufikisha. Ujumbe ulikuwa huu: Nakuja Ijumaa na kaka yangu Rupert. Taa ikiwaka usiku, nakaa. Isipowaka narudi Mpitimbi, na safari hii usinifuate. Na usiite fundi. Ulisema hilo gari utalitengeneza mwenyewe, basi litengeneze mwenyewe.

"Kwa hiyo," alisema Transista, "fundi haruhusiwi. Lakini ushauri hakuukataza."

"Ushauri hakuukataza," Pankrasi alikubali, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka.

Walianza kumhoji. Alieleza yote aliyoyafanya, na yalikuwa mengi, maana wiki tatu si haba kwa mtu asiye na kazi wala mke. Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijerumani, yeye akafuata picha. Gari liliundwa liwe na betri mbili, moja ya injini na moja ya nyumba. Mzungu aliondoka na ile ya nyumba, kwa hiyo Pankrasi akazivuta waya za nyumba mpaka kwenye betri ya injini, akaziunganisha mwenyewe, na zikakubali. Amebadilisha fyuzi zote. Amesugua vichwa vya betri kwa msasa, akavimwagia maji ya moto, akavipaka grisi. Amefuata kila waya kwa kidole kutoka mbele mpaka nyuma, akiwa amelala chali chini ya gari, mpaka majirani wakadhani amegongwa. Kila anachokipima mchana ni kizima. Hakuna bovu. Usiku, giza.

"Umande," alisema Transista. "Baridi yetu hii ikiteremka, waya zinaloa. Zikiloa, umeme unavujia kwenye bodi."

"Nimezikausha kwa pasi ya mkaa."

"Waya?"

"Waya, mapazia, na godoro."

Transista akaliondoa wazo la umande kwa heshima.

Mwalimu alikuja na nadharia ya jiografia. Alieleza kwamba huko Ulaya wakati wa kiangazi jua halizami mpaka saa nne usiku, hilo alilifundisha darasa la sita miaka ishirini na mbili. Taa zile zimetengenezwa huko. Kwa akili ya taa, saa moja ya jioni bado ni mchana, na hakuna taa yenye adabu inayowaka mchana.

"Lakini Mwalimu, mchana ndiyo zinawaka," alisema Sefu.

"Ndiyo nasema zimechanganyikiwa."

Sefu yeye hakuamini umande wala jiografia. Aliona ni husuda tupu. Mtu hawezi kuegesha kitu cheupe kama kile mbele ya macho ya watu wasiokuwa na paa, halafu asipate jicho. Alimshauri akasomewe dua. Pankrasi akasema yeye ni Mkatoliki. Sefu akasema jicho haliulizi dini, na kahawa yake pia haiulizi, kikombe cha pili kiko hapa.

Ndipo Transista alipotoa wazo ambalo hata leo wanakijiwe wanalikumbuka wakiwa wameinamisha vichwa. Alisema fundi wa kweli haruki, anafuata hatua. Pankrasi aeleze, moja moja, anafanya nini tangu jua linapozama mpaka anapobonyeza swichi. Asiruke hata moja.

Pankrasi akafumba macho ili aone vizuri. "Jua likizama, nafunga madirisha. Naangalia matairi. Nafungua betri, naiingiza ndani. Nafunga mlango kwa komeo. Nasali Salamu Maria tatu. Navuta pazia. Nabonyeza swichi. Giza."

Benchi likatafakari. Mwalimu alikuna kidevu. Transista aliinamisha kichwa upande wa kushoto, halafu upande wa kulia. Sefu aliacha hata kuchochea mkaa.

"Rudia hapo kwenye Salamu Maria," alisema Mwalimu. "Umesema ngapi?"

"Tatu."

"Tatu ni chache kwa gari la ukubwa ule. Fanya kumi."

"Na pazia ni la rangi gani?" aliuliza Transista.

"La bluu."

Transista akatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyeona cheti kibaya. Ikaamuliwa pazia livutwe kabla ya sala na si baada yake, Salamu Maria ziwe kumi, na Sefu, kwa ridhaa yake mwenyewe na bila kushurutishwa na mtu, atamsomea dua kutokea upande wa barabara, kusudi dini zisigongane mlangoni.

Lori la Mpitimbi lilifika saa kumi na moja na nusu. Walburga alishuka na kitenge chake kipya, mgongo umenyooka. Nyuma yake alishuka Rupert akiwa amebeba kichwani kikapu kikubwa chenye nguo za dada yake, mchi wa kinu na debe la unga. Walburga akamwamkia Mwalimu shikamoo, akawasalimia wengine, halafu akamgeukia kaka yake.

"Usitue mpaka nikwambie."

"Mzito, dada."

"Ndiyo maana nakwambia."

Pankrasi alikuwa amejiandalia maneno matatu mazuri tangu asubuhi, na yote matatu yakapotea. Alichoweza kusema ni, "Mama Aurelia, umekonda." Walburga hakukonda. Lakini alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, na Pankrasi akaona moyo wake unapiga kama injini ya dizeli asubuhi ya baridi.

Akawapeleka kwenye gari, kijiwe kizima nyuma yao. Akabonyeza swichi. Taa zote sita zikawaka. Akafungua bomba, maji yakatoka. Rupert, akiwa amesimama mlangoni na kikapu chake, alisema kweli shemeji amefanya kazi, sasa atue.

"Hata jua linawaka saa hizi," alisema Walburga. "Nasubiri lizime, kisha nione."

Wakasubiri. Hakuna kusubiri kurefu kama kulisubiri jua. Mwalimu alieleza habari za Ulaya, Transista akanusa waya, Rupert akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Hatimaye jua likazama, adhana ikasikika kwa mbali, na Sefu akaenda upande wa barabara na kuswali, dua ya gari akaiweka mwishoni.

Sasa angalia mambo ya mazoea. Pankrasi alifunga madirisha. Akaangalia matairi. Kisha mkono wake, bila kuuliza kichwa, ukaingia mfukoni ukatoka na spana namba kumi na tatu. Mwalimu mwenyewe alishika boneti. Transista alimulika tochi. Betri ikafunguliwa kwa upole, ikatolewa, na wazee wawili waliosoma wakampisha njia apite nayo, kama watu wanaopisha jeneza. Akaingia nayo ndani, akaisukuma kwenye giza la chini ya kitanda, akaifunika kwa kupapasa. Walburga alikuwa amekaa mezani akiangalia. Yeye si dereva. Alidhani ndivyo gari hili linavyowashwa.

Komeo likafungwa. Pazia likavutwa. Salamu Maria kumi zikasaliwa, Mwalimu akiitikia. Pankrasi akapumua, akaweka kidole kwenye swichi, akabonyeza.

Giza.

Akabonyeza tena. Akabonyeza mara sita. Nje sauti ya Sefu ilipanda. Ndani hakuna aliyepumua, isipokuwa Rupert, aliyekuwa ameinama kwa sababu ya kikapu na paa.

"Basi," alisema Pankrasi. Alisema polepole, na katika giza lile hakuficha uso wake tena, kwa kuwa hakukuwa na wa kuuona. "Basi, Mama Aurelia. Nimejaribu. Kesho nitatafuta wa kuliuza, ninunue mabati. Ulikuwa na haki."

Walburga alikuwa amekuja na hasira ya wiki tatu, na sasa alipoitafuta hakuiona mahali alipoiweka. Alisogea gizani akae kitandani, apate la kusema, na kisigino chake kikagonga kitu kigumu.

"Nini hiki?"

"Betri."

"Leteni koroboi."

Koroboi ikawashwa. Akainama, akavuta. Kikatoka kitu kizito kilichoviringishwa kwenye blanketi la rangi ya machungwa lenye pindo jeusi. Walburga alilitazama lile blanketi. Lilikuwa blanketi lao la harusi, na kwa wiki tatu alikuwa amelitafuta Mpitimbi akidhani amelipoteza njiani.

"Baba Aurelia. Mimi nalala na baridi kwa kaka yangu, wewe umemfunika huyu?"

"Inapata baridi, maji yake yanapoa," Pankrasi alijitetea. "Na wezi, mama. Unajua wezi wa betri walivyo."

"Kwa hiyo kila jioni unaifungua."

"Kila jioni. Miaka thelathini. Haijaibiwa hata moja."

"Na hizi taa zinapata umeme wapi?"

"Kwenye betri. Nimeunganisha mwenyewe."

"Betri gani?"

Pankrasi alitazama betri. Alitazama taa. Alimtazama Mwalimu, na Mwalimu akaanza kufuta miwani kwa bidii, ule upande usiokuwa na mkono. Transista alikuwa ameitia tochi yake mfukoni bila mtu kumwambia. Kichwa chake, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kilikuwa kimenyooka.

Kisha Walburga akaanza kucheka. Alianza kwa kujizuia na kitenge mdomoni, halafu kitenge kikashindwa. Alicheka mpaka akakaa kitandani, mpaka machozi yakamtoka, mpaka Sefu akaacha dua na kuja kuchungulia dirishani akiuliza kama jini limetoka. Pankrasi aliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Lakini kicheko kile hakuwa amekisikia tangu siku ya barua ya kupunguzwa kazi, na kama bei yake ilikuwa aibu, alikuwa tayari kuilipa kila Ijumaa.

Aliichukua betri mwenyewe. Hakutaka kushikiwa boneti wala kumulikiwa. Aliifunga kwa kupapasa, kama alivyoifunga alfajiri elfu kumi, akaingia ndani, akaiweka spana mezani, akabonyeza swichi. Taa sita zikawaka kwa pamoja. Mwanga ukatoka madirishani mpaka barabarani, na nyumba yao isiyo na paa pale kando ikaonekana kila tofali.

Walburga alitazama huku na huku. Aliyatazama mapazia yaliyopigwa pasi, kikombe kimoja kilichooshwa na kufunikwa, na rozari juu ya kitabu cha Kijerumani.

"Paa bado nalitaka," alisema. "Na mlango wa choo utageuzwa ufungukie nje."

"Utageuzwa."

"Rupert. Tua."

Rupert alitua, na sauti aliyoitoa ilisikika mpaka kwenye stoo ya ushirika.

Kijiwe kilirudi kwenye benchi lake kugawana ushindi. Mwalimu alishikilia kwamba Salamu Maria kumi ndizo zilizomfungua Walburga macho, kwa kuwa tatu zilikuwa zimeshashindwa. Sefu alisema wote waliisikia dua yake ilipofika mahali pake. Transista alisema hatua zake ndizo zilizoonyesha tatizo, ila benchi lilikuwa na kelele. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini hakuona. Kahawa ikaisha, mkaa ukamwagiwa maji, wakaagana, kila mtu akashika njia yake akiwa na haraka kidogo kuliko siku nyingine.

Pankrasi alibaki nje, mgongo kwenye boneti. Furaha ilikuwa imemjaa, lakini mazoea ni mazoea. Giza lilikuwa limeingia, betri ilikuwa nje peke yake, na Songea ina wezi. Akajiambia ataifungua kidogo tu, wakishalala, aipeleke pale chini ya kitanda, hakuna atakayejua. Akatia mkono mfuko wa kulia. Akatia wa kushoto. Akainama, akapapasa chini ya gari.

Juu yake pazia la bluu likasogea.

"Kama unatafuta spana," alisema Walburga, "nimeilalia. Ingia ndani."